Viatu vya Gari la Bwana Harusi

Jirani yangu wa ukuta mmoja tunamwita Bwana Harusi, na jina lenyewe lilianza kama utani. Kazi yake ni kubeba mabibi harusi. Amewabeba wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, akawafikisha salama na kuwafungulia mlango, na yeye mwenyewe hajawahi kuoa. Zamani watu walikuwa wakimchokoza, "Bwana Harusi, na wewe lini utapata jiko?" Alijibu kwamba analo, la mafuta ya taa, na linawaka vizuri tu. Siku hizi hakuna anayemuuliza tena, kwa sababu ameshapita umri wa kuulizwa.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na chake vimetenganishwa na ukuta mwembamba ambao mwenye nyumba alijenga akibana matofali, kwa hiyo najua mambo yake mengi ambayo hakuniambia. Akirudi kazini huwasha redio kwanza, taa baadaye. Mtangazaji akisema habari za jioni, yeye humjibu, "Njema, karibu." Mara ya kwanza nilipomsikia nilidhani amepata mgeni, nikafurahi kama vile mgeni ni wangu. Nikatoka nje nikijifanya naanua nguo ili nimwone huyo mtu. Mlangoni palikuwa na jozi moja ya viatu, ya kwake. Nikarudi ndani na nguo zangu ambazo hata hazijakauka.

Gari lake ni dogo, jeupe, la zamani, na kusema kweli halina sura. Kilicholifanya ligeuziwe shingo ni magurudumu. Alipoanza kazi lilikuwa na yale liliyotoka nayo kiwandani, membamba, yenye vifuniko vya plastiki, na maharusi walikuwa hawalitaki hata bure. Ndipo akaenda kwa muuza rimu wa pale kona, mtu mmoja mwenye maneno matamu ambaye angeweza kumuuzia kipofu miwani. Yule bwana alilizunguka gari, akasikitika kama daktari, akasema, "Kaka, gari yako haina ubaya, ila inatembea peku."

Basi likavalishwa. Rimu pana, zinazong'aa mpaka unajiona meno, na matairi mapana yenye ubavu mfupi, yaliyochomoza nje ya bodi upana wa vidole viwili kila upande. Wenye kazi hiyo hawasemi rimu, wanasema viatu. "Leo tumelivalisha viatu," muuza rimu akatutangazia sote tuliokuwa barazani, na hata mimi nisiyejua magari niliona kweli limekuwa gari jingine. Simu zilianza kuingia wiki hiyo hiyo.

Watu walidhani anazipenda zile rimu kwa majivuno, maana kila asubuhi alikaa juu ya ndoo aliyoipindua akizisugua kwa mswaki. Mimi nilijua sababu yake, kwa kuwa aliwahi kuniambia akiwa ameleta suruali nimpunguzie kiuno. Alisema bibi harusi akishaingia kwenye gari, na mlango ukafungwa, huwa anaogopa. Ametoka kwao na hajafika anakokwenda. Wasimamizi wake wanahangaika na maua na simu zao, na anayebaki wa kumsemesha ni dereva. "Wananiuliza, baba, nimependeza? Wananiuliza kama mikono yao inatetemeka. Mmoja aliniuliza kama kuoana kunauma, nikamwambia mimi sijui, mama, ila wote niliowabeba walishuka wakicheka." Alieleza haya bila kunitazama, akipima kiuno kwa kidole gumba. Yale mazungumzo ya njiani ndiyo yalikuwa mazungumzo yake. Ukiondoa redio, na mimi ninayempigia kelele kuhusu maji ya bomba, hakuwa na mengine.

Kwenye ukumbi hakuingia kamwe. Kazi ina utaratibu wake: dereva anafungua mlango, anampa bibi harusi mkono, anamwombea heri, kisha anaondoa gari haraka kabla wapiga picha hawajaanza kulalamika kwamba limeziba. Sahani yake ililetwa garini imefunikwa kwa sahani nyingine. Nilimwambia huo ni unyonge. Akanijibu kwamba dereva akiingia ndani watu wanaanza kuulizana gari limebaki na nani.

Sasa nifike kwenye bima, maana matatizo yalianzia huko. Ilikuwa wakati wa kukata bima mpya, na binti wa ofisi ya bima alimpigia simu kumuuliza maswali yao. Bwana Harusi alikuwa kwenye ndoo yake, mikono ina povu, simu ameiweka sauti ya nje juu ya boneti, na mtaa mzima ukasikia.

"Mzee, gari yako imebadilishwa chochote?"

"Haijabadilishwa. Ni ile ile."

"Injini?"

"Ile ile."

"Rangi?"

"Nyeupe tangu izaliwe."

"Magurudumu je?"

"Sijabadilisha. Bado mazima kabisa, meno yake yote yapo."

Binti akashukuru, akamtakia siku njema. Niulize mimi, na mtu mwingine yeyote wa mtaa huu, tungejibu vivyo hivyo. Kwetu sisi mtu habadilishi tairi mpaka liishe. Na kama amelivalisha gari, basi amelivalisha, hakulibadilisha. Hakuna aliyedanganya pale, wala hakuna aliyejua kwamba neno moja limetumiwa na watu wawili wanaotazama pande mbili.

Ajali ilitokea kwenye lango la hoteli moja. Alikuwa amebeba bibi harusi, wasimamizi wawili wenye afya zao, na gauni lililohitaji kiti chake peke yake. Gari likalemewa nyuma. Alipokata kona, tairi lililochomoza likasuguana na ukingo wa bodi, likachanika ubavu, likapasuka. Gari likavutwa pembeni na kubusu nguzo ya lango. Hakuna aliyeumia. Lakini shangazi wa bibi harusi alimtukana mbele ya wageni matusi ambayo sitayarudia, na bibi harusi akapanda gari lingine akilia. Bwana Harusi alibaki ameshika shada la maua lililoangukia chini ya kiti, hajui ampe nani.

Bima wakamtuma mkaguzi wao aje nyumbani kulitazama gari. Kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi, mkononi tepu ya kupimia. Akainama, akapima, akapiga picha, akasimama.

"Mzee, haya siyo magurudumu ya gari hii."

"Ni ya gari hii. Nimeyanunua mwenyewe, muuzaji yuko pale kona."

"Namaanisha haikutoka nayo kiwandani. Na uliulizwa kama imebadilishwa, ukasema hapana."

Bwana Harusi akamtazama miguuni. "Hivi viatu ulivyovaa, jana pia ulivaa hivi?"

"Jana nilivaa vingine."

"Basi na wewe umebadilishwa? Mama yako amekukana?"

Tulicheka sote pale uani, na mkaguzi mwenyewe akacheka, lakini kicheko chake hakikufuta alichokwisha kupima. Alikaa kwenye ile ndoo akamweleza taratibu, kwa heshima. Kwao, kubadilisha ni kuweka chochote ambacho gari halikuzaliwa nacho, kiwe kipya au kikuukuu, kizuri au kibaya. Gurudumu pana linageuza namna gari linavyokamata barabara na linavyosimama, kwa hiyo kampuni lazima iambiwe mapema iamue kama itakubali, na kwa malipo gani. Tena matairi yanayochomoza nje ya bodi namna ile sheria hairuhusu kabisa, hata angeyataja. Kampuni haitalipa uharibifu wa nguzo wala wa gari, na bima inasimama mpaka magurudumu ya mwanzo yarudi na gari lipite ukaguzi upya.

"Kwa hiyo nikisema kweli yangu, ni uongo," Bwana Harusi akasema.

"Hujasema uongo, mzee. Ila hukusema tulichouliza."

Nilimkasirikia yule kijana, kisha nikajikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia, kwa sababu kosa lake sikuliona. Aliagana na kila mtu kwa mkono kabla ya kuondoka.

Bwana Harusi akatengeneza bodi na nguzo kwa akiba yake. Muuza rimu akaja na dawa yake. "Kaka, usijitie presha. Siku ya ukaguzi vaa yale magurudumu ya zamani. Wakishakubandikia stika, rudi kwangu nikuvalishe. Mjini wote wanafanya hivyo." Naamini Bwana Harusi angefanya hivyo hivyo. Alikuwa tayari amempa siku ya kuonana, na mimi sikumkataza, maana nilijua anachookoa. Bila viatu vile hakuna bibi harusi atakayempigia, na asipopigiwa atabaki na mtangazaji wa redio.

Lakini kabla ya siku hiyo akapigiwa simu na mpwa wake.

Huyu ni mtoto wa marehemu dada yake, na ndiye ndugu pekee aliyebaki upande wao. Aliwahi kulelewa katika chumba kile kile wakati mama yake anaumwa, akilala kitandani na mjomba akilala chini, mpaka msiba ulipotokea na ndugu wa baba yake wakamchukua kwenda naye mji wa pili. Tangu hapo amekuwa mtu wa simu, tena simu fupi, za kuulizia afya. Baba yake naye alikwisha kufariki.

"Mjomba, naolewa," akasema. Sauti ya nje, kama kawaida, na mimi nipo dirishani na sindano mdomoni. "Nataka uwepo. Kwa upande wa mama sina mtu mwingine."

"Nitakubeba mwenyewe, mama. Hakuna dereva mwingine wa kukubeba wewe."

"Nataka uje tu, mjomba."

"Nitakuja na gari. Usiwe na wasiwasi."

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Nikamsikia akipiga mluzi asubuhi. Nikamsikia pia usingizi ukimkataa, kitanda kikilia huku na huku, na nikajua anapima mambo mawili. Akienda na viatu, mpwa wake atashuka mbele ya wakwe kutoka kwenye gari la kutazamwa, lakini gari lenyewe litakuwa limepata stika kwa ujanja na bima isiyoweza kulipa. Ile nguzo ya lango ilikuwa haijamtoka kichwani. Akaniambia akiwa mlangoni kwangu, hata hodi hakupiga vizuri, "Dada, huyu nikimkwaruza tu, mama yake nitamwambia nini?"

"Mama yake ni marehemu," nikasema.

"Ndiyo maana nauliza."

Hakwenda kwa muuza rimu kuvalishwa. Alikwenda kumrudishia. Akamuuzia zile rimu kwa bei ya kusikitisha, akayatoa magurudumu ya zamani kwenye kona ya chumba, ambako alikuwa ameyapanga moja juu ya jingine na kuyafunika kitambaa, yakawa meza ya redio. Redio ikahamia sakafuni. Gari likasimama uani kwa yale magurudumu membamba kama mtu mzima aliyevaa kaptula ya shule. Watu wakapita wakitazama, na angekuwa mtu wa kulia nadhani angelia siku ile. Maharusi wawili waliokuwa wamempa tarehe walikuja kuliona, wakasema watampigia. Hawakupiga.

Nilimsindikiza ofisi ya bima kwa kuwa nilikuwa nafuata zipu maduka ya jirani. Binti wa simu tukamkuta, mdogo kuliko sauti yake. Safari hii Bwana Harusi hakungoja aulizwe. Akamwambia magurudumu ni yale ya kuzaliwa nayo, ukaguzi limepita, kama haamini ashuke chini ayashike. Binti akatabasamu, akaendelea na maswali yake.

"Nani mwingine ataendesha gari hii? Mke?"

"Sina."

"Watoto?"

"Sina."

"Ndugu? Rafiki labda, siku ukiumwa?"

Nilitaka kusema andika mimi, ila mimi hata baiskeli siwezi. "Andika mimi," akasema hatimaye.

"Afadhali, mzee. Ukiwa peke yako inakuwa nafuu," binti akasema kwa furaha, kwa kweli akidhani anampa habari njema.

Tukarudi. Tulipofika karibu na nyumbani akasema, "Dada, kumbe upweke una punguzo." Nikacheka, naye akacheka kidogo, kisha akaingia kwake. Siku ile redio sikuisikia.

Gauni la mpwa wake nililishona mimi, kwa vipimo vilivyotumwa kwa simu, ndiyo maana na mimi nilikwenda, nimekaa kiti cha mbele na kikopo cha pini mapajani iwapo kitu kitaachia. Tulifika mji ule mapema. Mpwa wake alitoka nyumbani kwa shangazi yake akiwa amevaa, na gauni lilimkaa vizuri, nalisema mwenyewe kwa kuwa hakuna atakayenisemea. Alisimama mbele ya mjomba wake wakatazamana. Ana uso wa marehemu mama yake, wanasema, na nilivyomwona Bwana Harusi akishindwa kuondoa macho niliamini. Kisha akamfungulia mlango wa nyuma.

"Funga mkanda, mama."

"Mjomba, bibi harusi hafungi mkanda."

"Wewe utafunga."

Akafunga, nikalinyoosha gauni juu ya mkanda, tukaondoka. Aliendesha polepole mno. Magari ya msafara yalipiga honi nyuma yetu, pikipiki zikatupita, hata mtu mmoja mwenye mkokoteni nadhani alitupita. Gari halikuyumba, halikusugua popote. Katikati ya safari mpwa wake akanyoosha mkono akauweka begani kwake na kuuacha hapo. "Mjomba, unakumbuka ulikuwa unalala chini?"

"Sakafu ile haikuwa mbaya," akajibu.

Ndiyo maneno waliyozungumza. Mkono ulibaki begani mpaka tunaingia kwenye geti la ukumbi.

Aliegesha sawasawa mbele ya mlango. Akashuka, akazunguka, akafungua, akampa mkono, akamtoa bila gauni kugusa vumbi, kazi safi kabisa. Akamwambia, "Haya mama, Mungu akutangulie." Wapiga picha walikuwa wameshaanza kuguna. Mimi nilikuwa nimeshashuka na pini zangu. Akarudi kwenye usukani akaondoa gari, akapinda nyuma ya jengo kutafuta kivuli.

Mpwa wake akabaki amesimama mlangoni. Alikuwa amekunja mkono wa kulia kidogo, kiwiko kimeachia nafasi ya mtu kupitisha wake. Muziki ulikuwa tayari umeanza na watu ndani wamesimama. Nilikimbia mpaka kwenye kona kumwita, kwa viatu vyangu vya kisigino, lakini gari lilikuwa mbali na vioo vimepandishwa. Niliporudi, msema chochote, yule mwongoza sherehe, alikuwa ametoka kuuliza kulikoni, na bibi harusi akamwambia wangoje kidogo, anamsubiri mzazi wake. Wakangoja. Wimbo ukaisha, ukaanzishwa tena. Mwishowe baba mkwe, mtu mwema, sina neno naye, akaja akampa mkono wake. Yule binti akatazama mara moja kule gari lilikopotelea, kisha akaingia.

Nilimkuta Bwana Harusi kivulini, amechuchumaa, anafuta vumbi kwenye yale magurudumu membamba.

"Ameingia?"

"Ameingia."

"Gauni halikukanyagwa?"

"Halikukanyagwa. Alikuwa anakusubiri."

Akainuka haraka akafungua mlango wa nyuma, akachungulia kwenye kiti na chini yake. "Ameacha nini?"

"Hajaacha kitu. Alikusubiri wewe umwingize. Alimwambia msema chochote anamsubiri mzazi wake."

Alisimama na kitambaa mkononi, mlango wa gari uko wazi. "Nani kamwingiza?"

"Baba mkwe wake."

Akaufunga mlango polepole, kama vile kuna mtu amelala ndani. "Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia uje, Bwana Harusi. Gari ulisema wewe."

Nilimwambia bado kuna kiti chake mbele, twende, hakuna aliyechelewa kitu. Akatazama mlango wa ukumbi, akajitazama mikono yake yenye vumbi.

"Mimi nilidhani naishia mlangoni," akasema.

Ndani wakaanza kupiga makofi, na sote wawili tukajua wameshamfikisha mbele.